Kiambatisho kilichoondoka na maneno ya pembeni

Saa tatu kasoro usiku, Alhamisi moja ya Novemba 2024, simu ya wakili mmoja hapa Tanga iliita kutoka Muscat. Aliyepiga ni mteja wake, mwanamama mpole kwa kawaida, na usiku ule hakusalimia.

"Baba, nani kamwambia kaka yangu kuwa mwanangu anaumwa?"

Mzee, ndivyo nitakavyomwita humu kama tunavyomwita ofisini, alidhani hakusikia vizuri. Ugonjwa wa yule mtoto ulikuwa umeandikwa mahali pamoja tu, kwenye maoni ya pembeni ya rasimu ya hati ya maridhiano, na rasimu hiyo ilikuwa haijatoka nje ya ofisi. Hati iliyokwenda kwa upande wa pili jioni ile ilikuwa safi. Alikuwa ameisoma mwenyewe neno kwa neno, miwani puani, kalamu mkononi. Nakala yake ilikuwa bado ipo mezani.

Asubuhi tuliikuta pale pale, na ilikuwa safi kweli. Ila iliyotumwa ilikuwa nyingine.

Nakiandika kisa hiki kwa ruhusa ya ofisi, na nimebadilisha mambo madogo madogo wahusika wasitambulike. Nisijifanye mtu wa nje: mimi ndiye niliyewafungia mfumo wa kuendesha ofisi wanaoutumia, mimi ndiye huitwa ukigoma, na katika chanzo cha jambo hili mkono wangu umo. Nitafika hapo.

Ofisi, na nyumba ya Ngamiani

Ofisi ipo Chumbageni, ghorofani, vyumba vitatu na korido yenye benchi la wateja. Mawakili ni wawili: Mzee, na kijana aliyeapishwa miaka michache iliyopita. Karani ni mama wa miaka hamsini na ushei aliyeanza kazi enzi za taipureta, na mpaka leo ndiye anayejua jalada gani liko wapi kuliko mfumo wenyewe. Zamani majalada yote yalikuwa ya karatasi, yamefungwa utepe, yamebanana kwenye rafu mpaka mbao zikapinda. Mahakama zilipoanza kupokea nyaraka kwa njia ya mtandao (kanuni zake ni za mwaka 2018), Mzee akaona hana njia. Tukanunua mfumo.

Kwa asiyeujua mfumo wa namna hii: kila shauri lina jalada lake ndani ya kompyuta. Humo mna nyaraka, tarehe za mahakama, ankara, na orodha ya watu wote wanaohusika na shauri, pamoja na anwani zao. Ukitaka kutuma barua pepe hutoki ndani ya jalada. Unabofya, dirisha linafunguka, majina ya wapokeaji yanajaa yenyewe, maneno ya barua yanatoka kwenye kiolezo, na nyaraka unazitia tiki kwenye orodha. Kazi iliyokuwa ya robo saa inakuwa ya dakika moja. Na dakika moja ni fupi mno kwa mtu kufikiri, lakini hilo nililiona baadaye.

Shauri lenyewe lilikuwa la kawaida sana kwa mji huu. Baba amefariki, ameacha nyumba Ngamiani kwenye mojawapo ya zile barabara za namba, na warithi wawili: mtoto wa kiume anayeishi humo ndani, na wa kike aliyeolewa Oman. Kwa mirathi ya Kiislamu fungu la mwanamume ni mara mbili ya la mwanamke, kwa hiyo kaka ana thuluthi mbili na dada thuluthi moja. Mthamini aliipa nyumba shilingi milioni 150. Fungu la dada likawa milioni 50. Kaka hakutaka iuzwe. Alitaka kumlipa dada yake fungu lake abaki na nyumba ya baba. Alianza na milioni 35. Hapakuwa na ugomvi wa kutupiana maneno, ila kila mmoja alikuwa na wakili wake, na mazungumzo ya bei yalikuwa yakienda taratibu kama mashua isiyo na upepo.

Wakili kijana ndiye aliyekuwa akiandika rasimu. Toleo la nne, aliloliweka kwenye jalada Jumanne, lilitaja bei ya milioni 48. Pembeni mwa aya ya saba aliandika maoni mawili kwa ajili ya Mzee. La kwanza: "Mteja anaweza kushuka mpaka 38, asipite hapo." La pili: "Anahitaji pesa kabla ya Januari kwa operesheni ya mwanawe. Familia haijui, tusiwaambie."

Hakukosea kuandika vile. Mawakili huandikiana hivyo, na zamani yangeandikwa kwa penseli kwenye karatasi ya njano ikabanwa kwa pini nyuma ya jalada. Karatasi ya njano haikuwahi kuondoka na barua, kwa kuwa mkono unaotia barua kwenye bahasha unaihisi.

Alhamisi yenyewe

Jumamosi nilikwenda pale na baiskeli yangu nikakaa na kumbukumbu za mfumo tangu asubuhi mpaka adhana ya adhuhuri. Mfumo huandika kila kitu: nani kafungua nini, saa ngapi, kwa kompyuta ipi. Nilichokipata ni hiki.

Alhamisi asubuhi mteja alikubali kwa simu kushuka mpaka milioni 46. Wakili kijana akafungua rasimu kwenye laptopu yake, akabadilisha bei, akafuta maoni yote mawili, akaitoa kama PDF, akachapa nakala ya Mzee. Mzee akaisoma na kuipitisha. Mpaka hapo kila kitu kimekwenda kama kilivyotakiwa.

Saa tisa na dakika kumi alasiri kijana alijaribu kuipakia ile PDF kwenye jalada. Mvua ya vuli ilikuwa ikimwagika, mtandao unakwenda kwa kusuasua, na upakiaji ukakatika katikati. Mfumo ulitoa ujumbe mwekundu kwenye kona ya chini ya skrini, ukakaa sekunde chache, ukapotea. Yeye alikuwa na shauri Korogwe kesho yake asubuhi na basi lilikuwa linamsubiri. Akafunga laptopu. Alipokuwa akishuka ngazi alimwambia karani: "Mama, hati ipo kwenye jalada, Mzee ameshaipitisha, utume."

Saa kumi na nusu karani akafungua jalada. Kwenye orodha ya nyaraka kulikuwa na mstari mmoja tu: "Hati ya Maridhiano". Mfumo wetu hauonyeshi matoleo yote kwenye orodha hiyo. Unaonyesha jina moja, na ukilitia tiki unachukua toleo la mwisho lililomo. Toleo la mwisho lililomo lilikuwa la nne, la Word, lile la Jumanne.

Mzee aliuliza kutoka chumbani kwake, mlango wazi: "Mama, umekagua?"

"Nimekagua, Mzee."

"Basi tuma."

Ikaenda.

Wakili wa upande wa pili, naye, hakuifungua. Alikuwa anatoka ofisini, akaona barua imetoka kwa wakili msomi anayemheshimu, akaisukuma kwa mteja wake na mstari mmoja: tazama hii, tuongee kesho. Alikuja kutueleza mwenyewe, kwa aibu, na aibu yake ilitupunguzia kidogo yetu. Kwa hiyo mtu wa kwanza kabisa kuifungua hati ile tangu iondoke Chumbageni alikuwa kaka mtu, baada ya Isha, kwenye simu yake. Kwenye simu yale maoni yalitokeza kama vipovu pembeni mwa maandishi. Alivigusa.

Kwanza alisoma 38. Kisha akasoma habari ya mpwa wake.

"Irudishe"

Ijumaa kabla ya saa mbili asubuhi Mzee alinipigia. Sijawahi kumsikia akiongea vile.

"Mwanangu, ile barua ya jana irudishe."

"Shikamoo Mzee. Ipi?"

"Marahaba. Ya hati ya maridhiano. Irudishe kabla hawajaifungua wengine."

Ilibidi nimwambie. Barua pepe ikishapokewa na seva ya upande wa pili, haipo tena mikononi mwetu. Gmail ina kitufe cha kutengua, lakini hicho hakirudishi kitu; kinachofanya ni kuizuia barua isiondoke kwa sekunde 5, 10, 20 au 30, kadiri ulivyopanga. Zikipita, imepita. Outlook nayo ina njia ya kuita barua, nayo hufanya kazi pale mtumaji na mpokeaji walipo ndani ya taasisi moja. Wakili wa upande wa pili hakuwa ndani ya taasisi yetu, na ndiyo maana yeye ni wa upande wa pili.

Kilichobaki ni simu na heshima. Mzee akampigia mwenzake, akamweleza, akamwomba aifute na asiitumie. Mwenzake akakubali papo hapo. Lakini kumwambia mtu afute alichokwisha kukisoma kuhusu mtoto wa dada yake ni maneno ya adabu tu.

Kila mmoja alikagua nini

Hapa ndipo kisa kinapoanza kufundisha, na ndipo nilipokaa muda mrefu kuliko kwingine kote. Watu watatu walikagua, na hakuna aliyesema uongo. Nilimuuliza karani, polepole, maana alikuwa ameanza kulia kabla sijavuta kiti.

"Mama, uliposema umekagua, ulitazama nini?"

"Jina la hati, mwanangu. Idadi, kwamba ni moja. Na anwani, kwamba ni ya wakili yule na siyo ya mtu mwingine."

Nikamuuliza kwa nini hayo matatu. Akanihesabia. Mwaka uliotangulia aliwahi kutuma barua iliyosema "tafadhali pokea hati iliyoambatishwa" bila kuambatisha kitu, Mzee akatoka chumbani na sauti. Tangu hapo anatazama idadi. Kisha kuna siku wateja wawili wenye majina yanayofanana mpaka la babu (na Tanga majina hayo hayaishi) walichanganywa, ankara ya mmoja ikaenda kwa mwingine. Tangu hapo anatazama anwani na jina. Kila kitu alichokikagua kilikuwa kovu la kosa la zamani. Kosa la Alhamisi lilikuwa halijamkata bado.

Wakili kijana alikagua yaliyomo, kwenye laptopu yake. Mzee alikagua yaliyomo, kwenye karatasi. Kazi yao ilikuwa nzuri. Nimeisoma ile karatasi mwenyewe, haina hata koma iliyopotea. Tatizo ni kwamba walikuwa na hati tatu zenye jina moja: iliyo kwenye laptopu, iliyo mezani, na iliyo kwenye jalada. Mbili zilikaguliwa, ya tatu ikasafiri.

Baba yangu alikuwa karani wa kuhesabu mizigo bandarini hapa, miaka ile meli zilipokuwa zikitia nanga mbali na gati na mzigo ukishushwa kwenye matishari kwanza. Gunia lilihesabiwa likitoka melini kwenda kwenye tishari, likahesabiwa tena likitoka kwenye tishari kwenda gatini. Ungemwambia "nimeshayahesabu ghalani", angekucheka. Alikuwa akikaa pale pale ambapo mzigo unapita kutoka mkono mmoja kwenda mwingine, daftari gotini, jua utosini, kwa sababu gunia halipotei likiwa limekaa. Nilikulia kwenye nyumba ambayo jambo hili lilisemwa mezani kila wiki, na bado nikafunga mfumo ambao hesabu inafanyika ghalani.

Mkono wangu

Dirisha la kutuma barua kwenye mfumo ule lina sehemu ya kulia inayofungua kila kiambatisho na kukuonyesha kurasa zake kabla hujatuma. Kwa chaguo la kiwandani, imewashwa. Kwenye ofisi ile ilikuwa imezimwa, na niliyeizima ni mimi.

Tarehe 12 Mei 2024 nyaya za baharini za EASSy na Seacom zilikatika, na nchi yetu ilikuwa miongoni mwa zilizoumia zaidi. Walioko kazini siku zile watakumbuka. Ofisini pale kila barua ilichukua dakika nne kufunguka kwa sababu lile dirisha lilikuwa linavuta kurasa zote kutoka kwenye seva iliyo nje ya nchi. Karani alinipigia, nikaingia kwa mbali, nikazima kile kidirisha, barua zikaanza kwenda. Akanishukuru na kuniombea dua. Nyaya zikatengenezwa, mtandao ukarudi, mimi nikasahau. Miezi sita.

Ningeweza kuishia hapo nikajitwisha lawama yote, na ingekuwa rahisi. Lakini nilijaribu. Jumamosi ile nilikiwasha tena, nikaambatisha lile toleo la nne, nikatazama. Kidirisha kilionyesha hati bila maoni ya pembeni! Hayakuonekana kabisa. Mtu angeangalia, angeona hati safi yenye aya zake, na yale maneno yangekuwa humo humo yakisubiri kuguswa kwenye simu ya mtu.

Angegundua kitu kama angelisoma? Ndiyo: aya ya saba ilisema milioni 48, na karatasi ya Mzee ilisema 46. Na kurasa zilikuwa saba badala ya sita. Kwa hiyo kidirisha kingemsaidia yule tu ambaye ana karatasi mkononi na anailinganisha. Kwa karani peke yake, asiyejua bei iliyokubaliwa asubuhi, kingekuwa picha nzuri tu.

Sababu ya maoni kutoonekana ni ya namna Word inavyohifadhi vitu. Faili la .docx kwa kweli ni furushi: lifungue kama unavyofungua faili la zip na utakuta humo ndani mafaili mengi madogo, maandishi yakiwa kwenye moja na maoni kwenye jingine liitwalo comments.xml. Programu inayokuonyesha hati inaamua yenyewe ipi ikuonyeshe. Ukichagua kutoyaona maoni, hayajafutwa. Yamefunikwa kanga tu. Kufuta ni tendo jingine, na Word ina kifaa cha kukagua hati kinachotafuta maoni, masahihisho na majina ya walioandika na kukuuliza kama uyaondoe.

Wakubwa kuliko sisi wameanguka hapo hapo. Januari 2019 mawakili wa Paul Manafort, aliyewahi kuongoza kampeni ya urais ya Donald Trump kule Marekani, walipeleka mahakamani hati yenye mistari iliyofunikwa kwa weusi. Waandishi wa habari wakaiteua ile sehemu nyeusi, wakainakili, wakaibandika pengine, na maneno yote yakatokea. Agosti 2023 polisi wa Ireland ya Kaskazini walijibu ombi la taarifa kwa jedwali la Excel ambalo lilikuwa na ukurasa uliofichwa nyuma; ndani yake mlikuwa na majina ya askari na watumishi wao wote, 9,483, katika nchi ambayo askari kujulikana ni hatari ya maisha. Mwaka uliofuata wakatozwa faini ya pauni 750,000. Kote kuwili kuna watu waliotazama kabla ya kutuma, na macho yao yaliona kile skrini ilichokubali kuwaonyesha.

Tulichobadilisha, na nilichokataa

Wakili kijana alirudi kutoka Korogwe amenyong'onyea, akataka tuweke kisanduku cha onyo: kila ukibofya tuma, kinatokea na kuuliza "Una uhakika?" Karani mwenyewe ndiye aliyekikataa. Alisema atakibofya kama anavyoitikia watoto wakimwita "mama" jikoni, bila kugeuka. Nilikubaliana naye. Kisanduku kinachotokea kila mara hakionekani baada ya wiki mbili.

Mzee naye alitaka tubandike karatasi ukutani: KUWENI MAKINI. Hiyo nilimwachia abandike, ipo mpaka leo, juu ya kalenda.

Nilichobadilisha kwenye mfumo ni vitu vitatu, na viwili havina maelezo marefu. Orodha ya nyaraka sasa inaonyesha tarehe, saa na namba ya toleo pembeni mwa jina. Na barua zote za kwenda nje zinakaa kwenye kisanduku cha kutoka kwa dakika tano kabla ya kuondoka, muda wa mtu kukumbuka.

La tatu lilileta mabishano: faili la Word haliwezi tena kutumwa kwa mtu aliye nje ya ofisi. PDF peke yake. Wakili kijana alipinga, kwa haki, kwamba mawakili hupelekeana rasimu za Word ili kila upande uandike masahihisho yake. Tukakubaliana kwamba akitaka kutuma Word, ruhusa inatoka kwenye kompyuta ya Mzee, na hati ipitishwe kwanza kwenye kile kifaa cha kukagua. PDF nayo siyo kinga kamili, kama Manafort anavyoweza kukuambia, lakini hati iliyofutwa maoni kisha ikatolewa kama PDF haina pembeni pa kufichia kitu.

Kuna tatizo ambalo sijalimaliza. Gmail inakubali viambatisho mpaka jumla ya MB 25, na faili likisafiri kwa barua pepe huvimba kwa karibu theluthi nzima kwa jinsi linavyofungashwa njiani, kwa hiyo faili la MB 20 linaweza kukataliwa na mtu asielewe kwa nini. Skana ya ofisi ile inapenda kutoa mafaili mazito. Likikataliwa, karani analipiga picha na kulituma kwa WhatsApp kutoka kwenye simu yake, na hapo mfumo wangu wote, na kidirisha chake, na dakika zake tano, umebaki ukumbini unapiga miayo. Nimepunguza ubora wa skana. Imesaidia kiasi.

Lakini badiliko kubwa halimo kwenye kompyuta. Karani akishatia tiki, anafungua kiambatisho kutoka kwenye lile dirisha la kutuma, siyo kutoka kwenye jalada wala kwenye laptopu ya mtu, na anasoma kwa sauti: kurasa ngapi, tarehe, majina ya pande mbili, kila tarakimu ya pesa, na mstari wa mwisho kabla ya sahihi. Aliyeidhinisha anafuata kwenye karatasi yake na kuitikia. Mmoja anasoma kinachoondoka, mwingine ameshika kilichokubaliwa. Inachukua dakika moja na nusu kwa hati ya kawaida. Mara ya kwanza walicheka wote wawili, wakasema wanafanana na watoto wa chuo wanaosomeshwa alifu kwa kijiti.

Kule Muscat

Mteja hakuuliza habari ya bei hata mara moja. Alichouliza, na alikirudia, ni kwa nini siri ya mwanawe ilikuwa kwenye karatasi ya nyumba. Mzee hakuwa na jibu zuri, na mimi sina. Maoni yale yalisaidia mawakili kupanga haraka ya shauri, ila "anahitaji pesa kabla ya Januari" yangetosha.

Mzee aliandika barua mbili kwa mkono wake, kisha karani akazichapa. Moja kwa mteja, akikiri kilichotokea bila kulaumu mvua wala mtandao. Ya pili kwa Tume ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi, kwa kuwa sheria iliyoanza kutumika Mei 2023 inamtaka anayetunza taarifa za watu aijulishe Tume usalama wake ukivunjika, na habari za afya ya mtu ni katika zile taarifa nyeti kabisa. Kijana alinong'ona kwamba ofisi ndogo kama yetu nani angejua. Mzee alimtazama tu.

Kaka na dada waliongea wenyewe, usiku ule ule na siku zilizofuata. Kaka aliumia kuliko alivyofurahi. Kilichomchoma ni kwamba dada yake alipata msiba wa kuuguliwa na akauficha kwa ajili ya bei ya nyumba. Walikubaliana milioni 41, zikalipwa zote kabla ya Krismasi. Ni juu ya 38 aliyokuwa tayari kushukia, ni chini ya 46 iliyokuwa kwenye hati ambayo haikutumwa. Wakili kijana husema hatujui zingefika ngapi. Ni kweli hatujui, na ndiyo hasara yenyewe: mteja alikuwa na haki ya kujadiliana bila mwenzake kuona karata zake.

Shauri lilipofungwa alimwandikia Mzee ujumbe wa shukrani, mfupi na wa heshima, akaomba jalada lake lote, na akasema mambo yake mengine atayapeleka kwa wakili wa Dar es Salaam.

Jumatatu iliyopita

Nilikuwa pale kubadilisha betri ya kifaa cha kuhimili umeme ukikatika. Mzee ndani, mlango wazi, karatasi mkononi. Karani kwenye dirisha lake la kutuma, kiapo cha mteja wa Pangani kiko tayari kwenda.

"Kurasa saba," akasoma.

Kimya kidogo ndani. "Hapa sita, mama."

Akateremsha mpaka chini. Ukurasa wa saba ulikuwa kitambulisho cha taifa cha mwanamke mwingine kabisa, kilichokuwa kimesahauliwa kwenye kioo cha skana tangu Ijumaa. Akakisogelea, akavua miwani, akaivaa tena.

"Mzee," akasema, "huyu ni nani?"

Mzee akatoka kuja kutazama.